Naomba ushauri: chupa ya maji ya askari, ni ya nchi gani na ya miaka gani?

Habari zenu wakuu. Nina chupa ya zamani ya maji ya kijeshi, nataka kujua ilitoka wapi na lini. Ni ya chuma, imepakwa enameli ya buluu, na imeshonewa kitambaa kizito cha sufu rangi ya kaki. Kizibo kimefungwa kwa uzi ili kisipotee. Mikanda yake ni ya turubai, bizimu za shaba.

Umbo linanielekeza Uingereza, ila hapo ndipo ugumu ulipo: chupa za aina hii zilitumika na vifaa vya askari (mikanda na mifuko ya turubai) vya mtindo wa 1908, zikaendelea na vile vya 1937. Kwa hiyo yaweza kuwa ya Vita Kuu ya Kwanza au ya Pili.

Kwenye mkanda kuna mhuri uliofifia. Naona alama ya mshale, na kuuzunguka kitu kama herufi. Mshale mtupu ni wa serikali ya Uingereza. Ukiwa ndani ya C ni Kanada, ndani ya U ni Afrika Kusini. Huu wangu umechakaa upande wa juu kabisa, sehemu ambayo ingeamua kama ni C au U! Tena mkanda hubadilishwa, hivyo siuamini peke yake.

Je, kwenye chupa yenyewe mhuri wa mwaka hukaa wapi? Na kuna njia ya kusoma wino uliofifia bila kuosha turubai? Sitaki kufungua mshono wa sufu kama si lazima.