Mwimbaji wetu hasikii sauti yake jukwaani: monita ya pili ya sakafuni, au ya masikioni?

Gitaa_Kavu:
Habari zenu wakuu. Bendi yetu ina dramu, besi, gitaa mbili (moja napiga mimi) na mwimbaji, dada mwenye sauti nzuri sana. Tukifanya mazoezi kwa gitaa kavu anaimba bila shida. Jukwaani anasema hasikii anachoimba. Ana monita moja ya sakafuni, yaani spika ya kumrudishia sauti yake, na tukiipandisha inapiga mluzi. Basi anakaza koo, na tukifika wimbo wa tano au wa sita sauti imeshakauka, nota za juu anazipata chini kidogo. Inaniuma kumwona anashuka jukwaani ameshika shingo. Uwezo tulio nao ni wa kununua kitu kimoja tu. Mliotumia vyote viwili, naomba ushauri.

Fundi_Mitambo:
Usinunue kwanza. Maiki yake ni ya aina gani, na monita imekaa wapi?

Maiki nyingi za kuimbia, kama Shure SM58, ni za kadioidi: zinasikia mbele, na nyuma kabisa, pale waya unapochomekwa, ni kiziwi. Monita inatakiwa itazame mkia huo. Beta 58A ni superkadioidi, na yenyewe nyuma kabisa inasikia kidogo. Uziwi wake uko ubavuni kwa nyuma, kama pembe ya nyuzi 126 kutoka mbele, kwa hiyo monita inasogezwa kushoto au kulia. Nimeona bendi zikibadilisha maiki, monita ikabaki palepale, halafu spika ndiyo inalaumiwa.

Monita ya pili yenye sauti ileile itamwongezea sauti masikioni, lakini inaongeza pia ile inayorudi kwenye maiki. Kabla ya mluzi utakuwa umepata kidogo mno. Kuna dawa isiyo na gharama: akisogeza mdomo kutoka sentimita 10 hadi 5, sauti inayoingia inapanda kwa kama desibeli 6 na monita hamjaigusa. Asifunike kichwa cha maiki kwa kiganja. Vile vitundu vya nyuma vikizibwa, maiki inaanza kusikia pande zote.

Gitaa_Kavu:
Mkuu, ni superkadioidi, na monita iko mbele yake katikati kabisa.

Fundi_Mitambo:
Basi anzia hapo.

Besi_Nzito:
Mimi naanza na nyinyi wenye gitaa. Amplifaya ikikaa sakafuni inapiga magoti ya mpigaji, yeye haisikii, anapandisha, na aliye mbele ndiye anaumia. Iinueni au muilaze kidogo itazame masikio yako. Halafu monitani kwake mmeweka nini? Kama kuna dramu na gitaa, toeni. Hizo anazisikia hewani. Abaki na sauti yake na chombo kimoja cha kumpa ufunguo wa wimbo.

Sauti_ya_Kwanza:
Mimi ni mwimbaji, na kwangu monita za masikioni ndizo zilizoniokoa koo. Ukiwa na dramu nyuma yako, hakuna spika ya sakafuni itakayokupa utulivu ule. Lakini mwanzoni nilihisi nimefungiwa kwenye sanduku, sauti yangu inavuma kichwani na watu siwasikii. Nilizoea baada ya kuwekewa maiki ya kunasa ukumbi. Kipachiko, ile ncha inayoingia sikioni, kikae vizuri, kikivuja besi inapotea na utapandisha bure. Na asitoe sikio moja nje: lile lililobaki ataliongezea sauti mpaka aliumize.

Kama hazunguki sana, achukue za waya. Ni rahisi kuliko zisizo na waya.

Mkongwe_wa_Jukwaa:
Dada yangu, nakuheshimu, ila mimi nilirudi sakafuni. Kila jukwaa fundi mpya, na siku moja mtu alichomoa waya chaneli ikiwa wazi, mshindo ukaingia moja kwa moja masikioni. Sakafuni ningeshtuka tu.

Sauti_ya_Kwanza:
Pole sana, kaka. Ndiyo maana bila limita, kile kinachozuia sauti isipite kiwango, mimi sivai. Taasisi ya NIOSH ya Marekani inashauri desibeli 85 zisizidi saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unapungua nusu. Yaani desibeli 100 ni dakika 15.

Fundi_Mitambo:
Mkienda kwenye za masikioni, sauti ya monita itoke kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) kabla ya kitelezi cha sauti ya ukumbini. La sivyo, fundi akimshusha ukumbini, atapotea masikioni pia.

Gitaa_Kavu:
Nimerudi. Jana tulisogeza monita ubavuni, tukainua amplifaya zote mbili juu ya viti, tukatoa dramu na gitaa langu monitani. Amemaliza nyimbo kumi na mbili na bado anaongea vizuri. Monita ya pili hatununui tena. Ameomba ajaribu za masikioni za waya, mazoezini kwanza, na limita tumeshaiweka kwenye mikisa. Sauti_ya_Kwanza, vile vipachiko aanze na vya mpira laini au vya sponji?

Sauti_ya_Kwanza:
Vya sponji. Avifinye, avitie, ashikilie mpaka vitanuke. Kisha aimbe bila muziki kwanza, akiwa ameshusha sauti kabisa, aipandishe taratibu.