Miaka 30 kwa unyang'anyi wa silaha: tukiifanya kifungo cha maisha, matukio yatapungua?

Mtaa_wa_Saba (mleta mada)

Wakuu, kila panya road (magenge ya vijana wenye mapanga) wakivamia mtaa hapa Dar kilio ni kile kile: "hawa wafungwe maisha." Kwa sheria ya Tanzania Bara, unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30, na hakimu hawezi kushuka chini ya hapo hata kama kilichoporwa ni simu moja.

Naomba wanaoijua mada wanisaidie mambo mawili. Kwanza, ukirefusha kifungo kutoka 15 kwenda 30, au 30 kwenda maisha, mwizi anaogopa zaidi kwa kiasi gani? Pili, gharama yake inahesabiwaje? Nikisema "ni ghali" bila hesabu, kwenye kikao cha mtaa nitazomewa, na wanaozomea ni watu waliokatwa mapanga. Siwezi kuwaletea maneno matupu.

---

Kizimbani

Mkuu, nianze na jambo ambalo kwenye mjadala huu husahaulika karibu kila mara: umri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumpeleka gerezani mtu wa chini ya miaka 18, hata sheria nyingine iseme nini. Akitiwa hatiani anaweza kupewa amri nyingine, ikiwemo kupelekwa shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo, Mbeya. Kwa hiyo kijana wa miaka 16 mwenye panga hahusiki na 30 wala maisha. Ongeza adhabu utakavyo, yeye hujamgusa.

Sasa mwenye miaka 20. Akifungwa 30 na kupata punguzo la theluthi kwa tabia njema, anatoka baada ya miaka 20, akiwa na 40. Ukibadilisha sheria leo iwe maisha, mtu wa kwanza atakayezuiwa *zaidi* ya alivyokuwa anazuiwa ni yule ambaye angetoka miaka 20 kuanzia sasa. Kabla ya hapo yuko ndani kwa sheria ya zamani na kwa sheria mpya. Kwa hiyo kwa miaka 20 mabadiliko hayo hayana faida yoyote isipokuwa hofu. Swali lako lote linasimama hapo: hiyo hofu inaongezeka kweli?

---

Hesabu_za_Umma

Hofu inaweza kupimwa kwa makadirio. Mtu haihesabu miaka ya mbali sawa na mwaka huu. Tuchukulie kwamba kila mwaka unaofuata unamuuma kwa asilimia 10 pungufu ya uliotangulia. Mwaka wa kwanza ukiupa uzito wa 1, jumla ya uzito wa miaka 15 kichwani mwake ni kama 7.9, na wa miaka 30 ni kama 9.6. Umeongeza miaka mara mbili, hofu imepanda kwa takriban asilimia 21. Sasa mchukue kijana mwenye haraka, ambaye kila mwaka unapungua kwa asilimia 20: miaka 15 ni 4.8, miaka 30 ni 5.0. Imepanda kwa asilimia 3 au 4 tu. Na wanaopora kwa mapanga wengi ni wa aina hii ya pili.

Lakini uzito huo unazidishwa na uwezekano wa kukamatwa na kutiwa hatiani. Tuseme wanaopatikana na hatia ni 5 katika kila matukio 100. Ukiwafikisha 10, hofu imekuwa mara mbili kamili, kwa mwenye haraka na kwa mvumilivu. Ndiyo maana watafiti wa uhalifu, tangu Mwitaliano Beccaria alipoandika kuhusu makosa na adhabu mwaka 1764, wanarudi kwenye jambo hili moja: uhakika wa kushikwa unatisha kuliko urefu wa kifungo.

Mfano uliopimwa vizuri ni California. Mwaka 1994 walipitisha sheria ya makosa matatu: ukiwa na makosa mawili makubwa ya nyuma, la tatu ni miaka 25 hadi maisha. Kuna aliyepata kifungo hicho kwa kuiba fimbo tatu za gofu, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikakiacha kisimame mwaka 2003. Je, watu waliogopa? Ndiyo, kidogo. Utafiti wa Helland na Tabarrok wa mwaka 2007 ulikuta kwamba waliokuwa tayari na makosa mawili walikamatwa kwa asilimia 17 hadi 20 pungufu ya wenzao wanaofanana nao. Naisema hii kwa makusudi, kwa sababu anayedai kwamba kifungo kirefu hakitishi *kabisa* hasemi kweli. Shida ni bei: walikadiria kila kosa lililozuiwa liligharimu takriban dola 148,000. Kwa fedha hizo ungeajiri polisi na kuzuia makosa mengi zaidi. Mwaka 2012 wapiga kura wenyewe wakailegeza, kosa la tatu likatakiwa liwe kubwa.

Kuhusu gharama kwetu, usianze na chakula. Anza na vitanda. Tuseme kila mwaka wanafungwa watu 1,000 kwa kosa hili. Kwa kifungo cha 15 (anakaa 10 baada ya theluthi), baada ya muda utakuwa nao 10,000 ndani kwa wakati mmoja. Kwa 30 (anakaa 20), ni 20,000. Hiyo 1,000 ni ya mfano tu. Uilinganishe na uwezo rasmi wa magereza yetu, ambao ni kama watu 29,900 kwa makosa yote, mahabusu wakiwemo. Kisha ndipo uongeze askari wa zamu, dawa, maji na karandinga. Na bili haionekani mwaka wa kwanza. Inaanza pale ambapo wa zamani wangekuwa wameanza kutoka, miaka 10 baadaye, wakati waliopitisha sheria hawapo tena bungeni.

---

Mama_Chanika

Nimewasoma nyote na hesabu nimezielewa. Ila mnazungumza kana kwamba kazi ya kifungo ni kutisha tu. Mtu akiwa ndani haniibii. Aliyekatwa mkono hataki kusikia kuhusu asilimia 3, anataka yule aliyemkata asionekane mtaani. Hilo nalo lina thamani, na kwenye hesabu zenu silioni.

---

Hesabu_za_Umma

Mama, lina thamani kubwa, na ndiyo hoja bora kabisa ya upande huo. Miaka ya kwanza ya kifungo inazuia sana, kwa sababu umemwondoa mtu akiwa na miaka 19 hadi 25, umri ambao uporaji wa nguvu uko juu. Kila mwaka unaoongeza mwishoni unazuia pungufu ya uliotangulia, maana karibu kila nchi iliyopima imekuta uhalifu wa aina hii unashuka haraka baada ya miaka ya ishirini. Gharama ndiyo haishuki. Inapanda, kwa kuwa mfungwa wa miaka 55 ana presha na kisukari.

Kwa hiyo sisemi aliyekukata mkono apewe miaka 2. Nasema shilingi ya mwaka wa 25 ingekukinga vizuri zaidi ikitumika kumkamata mwenzake ambaye bado yuko nje. Panya road huja kumi au ishirini. Akifungwa mmoja maisha na tisa wasijulikane, mtaa wako haujapona.

---

Kizimbani

Niongeze upande wa mahakamani, kwa sababu adhabu kubwa hupunguza uhakika wenyewe. Inafanya hivyo kwa njia mbili, na kuna tatizo la tatu ambalo adhabu kubwa hailitibu.

Moja ni mashahidi. Linaonekana zaidi kwenye ubakaji, ambako kima cha chini ni 30 pia tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Mtuhumiwa akiwa mjomba au jirani, familia inaona miaka 30 na kuamua "tuyamalize nyumbani." Shahidi haji, kesi inaondolewa, mtoto anabaki na mtu yule yule.

Ya pili ni hati ya mashtaka. Hakimu akishafungwa mikono, uamuzi wa kweli unahamia kwa anayeandika kosa: wizi, unyang'anyi, au unyang'anyi wa silaha. Tofauti kati ya mistari hiyo ni miongo ya maisha ya mtu, na inaamuliwa ofisini, si kizimbani. Hapo ndipo mlango wa rushwa unapofunguka. Tena unyang'anyi wa silaha hauna dhamana, kwa hiyo aliyeandikiwa kosa hilo kimakosa anakaa mahabusu kesi ikipigwa tarehe.

La tatu ni ushahidi. Kesi nyingi za usiku huanguka kwenye utambuzi. Tangu uamuzi wa kesi ya Waziri Amani (ni jina la mtu, si cheo) wa mwaka 1980, mahakama inauliza: mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani, umbali ulikuwa hatua ngapi, ulimwona kwa muda gani, ulikuwa unamfahamu? Shahidi akisema "kulikuwa na taa" basi, mfungwa wa miaka 30 anaachiwa kwenye rufaa, na ni sawa aachiwe.

Wakenya walikwenda mbali kuliko sisi. Kwao unyang'anyi wa kutumia nguvu, kile kifungu cha 296(2), una adhabu ya kifo. Hata hivyo wizi wa magari kwa bunduki Nairobi miaka ya 1990 haukuzuilika kwa kifungu hicho, na hakuna aliyenyongwa Kenya tangu 1987. Na kuna hatari moja naiogopa kuliko zote: ukishaweka adhabu ya kupora karibu sawa na ya kuua, unampa mporaji sababu ya kutomwacha shahidi hai.

---

Mtaa_wa_Saba

Asanteni sana. Basi kama uhakika ndio unaotisha, mtaa wenyewe unaweza kufanya nini ili kesi isimame? Nipeni vitu vya kufanya wiki hii.

---

Kizimbani

Tukio likitokea, kila aliyeona aandikiwe maelezo polisi siku hiyo hiyo, kabla hawajakaa pamoja kusimuliana. Kama anamjua mtu, amtaje jina hapo hapo. Ukimtaja baada ya wiki mbili, mahakama itauliza ulikuwa wapi. Aeleze taa ilikuwa upande gani, mavazi, kovu, sauti, na dakika ngapi.

Msisambaze picha ya mtuhumiwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Gwaride la utambulisho linataka apangwe na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri na umbo. Shahidi akiwa ameshaiona picha kwenye simu, gwaride hilo halina maana tena na wakili wa utetezi atalibomoa kwa swali moja.

Mali ikipatikana, ukamataji uandikwe kwenye hati, isainiwe na mwenye nyumba na shahidi huru, kisha kila anayekabidhiwa aandikwe. Nanyi tunzeni maboksi na risiti za simu, au walau piga *#06# uandike ile namba ya IMEI kwenye daftari. Bila namba, simu nyeusi ni simu nyeusi tu, huwezi kuthibitisha ni yako. Ukiibiwa, chukua RB (namba ya taarifa yako) polisi, nenda kwa mtoa huduma wako uombe simu ifungwe kwa IMEI hiyo. Simu iliyofungwa bei yake kwa mnunuzi wa vya wizi inaanguka.

---

Mama_Chanika

La picha kwenye grupu sikulijua, na sisi huwa tunazituma. Nitalisema Jumapili kikaoni. Je, video ya kamera ya dukani nayo inaharibu?

---

Kizimbani

Hapana mama, hiyo inasaidia, ila isikatwe wala kutumwa kwa simu. Mwenye duka azime kifaa kisije kikarekodi juu yake, mpelelezi achukue kifaa chenyewe kwa hati, na mwenye duka awe tayari kuja kueleza kilivyofungwa na saa yake ilikuwa sahihi au la.