Naomba ushauri: rekodi ipi ya Cantus Arcticus inawafaa wanaoanza?

Wadau, natafuta rekodi moja ya kuwasikilizisha watu wasiozoea okestra. Nimeegemea Cantus Arcticus, kazi ya mtunzi wa Kifini Einojuhani Rautavaara, ya mwaka 1972. Ni dakika 18 hivi, sehemu tatu, na okestra inapiga pamoja na sauti za ndege zilizorekodiwa kaskazini mwa Ufini. Inaanza na filimbi mbili zikifukuzana, kisha ndege wa kwenye tope wanaingia taratibu. Sehemu ya pili ina ndege aitwaye kipozamataza, ambaye rekodi yake imepunguzwa kasi mpaka sauti yake ikashuka oktavu mbili, yaani ikawa nzito zaidi sana. Unasikia kiumbe mzito, wa ajabu, mzuri sana.

Shida iko sehemu ya tatu, ya bata maji wanaohama. Sauti inapanda kidogo kidogo kwa dakika kadhaa. Ukiweka volyumu kwa kufuata mwanzo, kilele kinapasua spika ndogo. Ukifuata kilele, mwanzo haupo. Kuwasha kisawazisha sauti cha simu (kinachofanya sauti ndogo na kubwa zilingane) kunaua ule mpando wenyewe, ndiyo roho ya kazi. Faili la MP3 lililobanwa sana, la kbps 128, nalo linakwaruza milio ya juu ya ndege.

Ninayo ya kampuni ya rekodi ya Naxos, Hannu Lintu akiongoza okestra ya Scotland. Je, kuna nyingine ambamo ndege hawazibwi na tromboni (ala za shaba zenye sauti nzito) kwenye kilele? Na kwa chumba cha watu 20, spika mbili za inchi 8 zinatosha, au niongeze sabwufa?