Notisi wameipigia muhuri, dipoziti yangu hawataki kurudisha!

Maajenti wa nyumba wa Mombasa mtatuua kwa presha. Nilipanga Kisauni, chumba na sebule, kodi Sh14,000 kwa mwezi, na dipoziti ya kiasi hicho hicho niliitoa siku ya kuingia. Mwisho wa Agosti nikaandika notisi: nahama tarehe 30 Septemba. Nikachapisha nakala mbili, nikazipeleka mwenyewe ofisini kwa ajenti. Karani akapiga muhuri, akatia sahihi na tarehe, nakala moja nikarudi nayo nyumbani.

Kodi ya Septemba nikalipa yote. Siku ya kurudisha funguo ajenti ananiambia hana habari na notisi yoyote, kwa hivyo dipoziti inaliwa kuwa kodi ya Oktoba. Nikamtolea ile nakala. Akautazama muhuri wake mwenyewe, akanyamaza, kisha akageuza maneno. Sasa ikawa rangi! Sh7,000 za rangi, Sh2,000 za kitasa, Sh1,500 za usafi. Kuta za sebuleni zina matundu mawili ya misumari, basi. Kitasa nilikikuta kinachezacheza, na keateka nilimwonyesha wiki ile ile niliyohamia. Naomba risiti ya fundi, hakuna. Fundi mwenyewe hajatia mguu pale.

Kinachonichoma zaidi, mwaka jana walipopandisha kodi, karatasi ilipenyezwa chini ya mlango zikiwa zimebaki siku chache tu tulipe. Pale mwezi mzima wa notisi haukuwa na maana kwao. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 57, inasema upangaji wa mwezi kwa mwezi unavunjwa kwa notisi isiyopungua mwezi, na inambana mwenye nyumba sawa na mpangaji.

Na kushtaki, tukashtaki wapi? Baraza la kodi za nyumba mwisho wake ni kodi ya Sh2,500. Nani analipa hiyo mjini leo? Imebaki Mahakama ya Madai Madogo, madai hadi Sh1,000,000, na si lazima uwe na wakili. Hizo Sh3,500 zinazobaki wakishakata yao, wanazotaka kunitumia kwa M-Pesa, sizitaki. Nataka Sh14,000 zangu kamili.

Aliyewahi kupeleka kesi kama hii huko anieleze: ulimshtaki ajenti, au mwenye nyumba? Maana kwenye mkataba wangu jina la mwenye nyumba halimo kabisa.