Tupeane uzoefu: mliowahi kutoa jarida la sanaa mkiwa wanafunzi, yaliwakuta yapi?

Chizuga wa Makulu
Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa pili chuo hapa Dodoma, mwaka jana tulijikusanya watu tisa tukasema tutoe kijarida cha sanaa, michoro, mashairi, picha za simu na mahojiano na mzee mmoja anayetengeneza ilimba, kile kinanda cha Wagogo cha kupiga kwa vidole gumba, kule Chamwino. Kupata kazi wala haikuwa shida, watu walituma mpaka tukachanganyikiwa. Balaa lilianza kwenye kupanga kurasa. Tulikuwa nazo 22 za A5 tukaona poa tu, kumbe kijitabu cha kukunja katikati na kupiga pini lazima kurasa zigawanyike kwa nne, maana A4 moja ukiikunja inazaa kurasa nne. Jamaa wa steshenari akaongeza mbili tupu akazichomeka katikati palepale kwenye shairi refu, yaani ubeti wa tatu umeisha, unafunua, weupe mtupu. Kuna dada alinifuata kunipongeza kwa "ule ukimya wa katikati". Nikasema asante.

Mwaka huu tunarudia, bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, likitoka tu tunachanga. Mliopita huko mwageni, hasa makosa.

zabibu_kavu
Hahaa ukimya wa katikati, nimecheka sana aisee. Sisi letu lilikuwa rangi. Kava tuliichora kwenye tablet, bluu moja ya kuwaka hatari, tumeisambaza kwenye stetasi wiki nzima watu wanaisubiri. Kuja kuprinti imetoka kama sare ya shule iliyofuliwa mara mia. Nikataka kugombana na fundi, akanielewesha taratibu kwamba skrini inatengeneza rangi kwa taa, nyekundu kijani na bluu, mashine yenyewe inatumia wino, samawati, majenta, njano na nyeusi, na kuna bluu na kijani za kung'aa ambazo wino hauzifikii hata ufanyeje. Toka siku hiyo kava naiprinti nakala moja kwanza kwenye mashine ileile na karatasi ileile, naibeba hadi nje juani naitazama. Ndo nailipia.

Mama Ilimba
Mimi nilikuwa upande wa wachangiaji, acha niseme ya huku maana nyie wahariri huwa mnajisahau. Nilimchora babu yangu amekaa kwenye kigoda anapiga zeze, penseli tupu, siku nne. Jarida limetoka nafungua, zeze halipo! Limekatwa na ukingo wa karatasi, babu kabaki ameinua mkono kama anajikuna. Na chini jina la mtu mwingine. Nikampelekea bibi nakala akauliza, huyu babu yenu anafukuza nzi?

Niliambiwa eti niliuchora karibu sana na pembeni. Sawa, lakini kuna mtu aliniambia mapema kwamba karatasi zitakatwa? Mngesema tuache hata sentimita moja kila upande ningeacha. Na majina jamani, mtu kakupa kazi yake bure, malipo yake ni lile jina tu. Mtumie kila mtu ukurasa wake auone na athibitishe jina lake, herufi kwa herufi, kabla hamjaenda kuchapa.

Chizuga wa Makulu
Pole sana dada. Hili la kumtumia kila mtu ukurasa wake kweli hatukulifanya, nalibeba.

Mchapaji Majengo
Mimi ndo mnayemlaumu, niko kwenye uchapaji miaka kumi na kitu. Wanafunzi nawapenda ila mnakuja Alhamisi saa kumi jioni, uzinduzi Ijumaa saa nne, kazi iko kwenye simu, ni Word, na picha zimepita WhatsApp magrupu matatu. WhatsApp inabana picha ndugu zangu. Kwenye simu utaiona safi, ukiijaza kwenye ukurasa inakuwa matofali. A5 ni milimita 148 kwa 210, kuprinti vizuri kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, unahitaji kama pikseli 1,750 kwa 2,480. Mwambie mchoraji aitume kama dokumenti, au aje na flashi.

Pili Word. Ukiifungua kwenye mashine yangu kama sina fonti yako inaweka inayoitaka yenyewe, mistari inashuka, shairi lako linahamia ukurasa wa mbele. Leteni PDF. Picha inayofika mpaka ukingoni ipitilize milimita 3 nje ya mstari wa kukata, la sivyo utaona kauzi keupe pembeni.

Na ule mchezo wa kurasa usimwachie fundi. Chukua karatasi tupu, kunja, andika namba kwa mkono, kisha zifumue. Utaona kwenye jarida la kurasa 16 ukurasa wa 1 unakaa karatasi moja na wa 16, wa 2 na wa 15, wa 3 na wa 14, jumla yake siku zote 17. Ukikuta haijafika 17 umekosea, simama hapohapo. Karatasi ya ndani nayo isiwe nyepesi sana kama mna michoro myeusi, ile ya fotokopi ya kawaida ya gramu 80 mchoro wa nyuma unachungulia mbele.

Mwl. wa Irangi
Nafundisha sekondari huku Kondoa. Hatuna tablet wala nini. Tuliwapeleka vijana Kolo kuona ile michoro ya mapangoni, ambayo UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, wale watu wembamba warefu wa rangi nyekundu na wanyama. Waliporudi wakasema kava ifanane na kule. Tukachonga mihuri kwa kandambili zilizochakaa, wembe na kalamu tu, kila mtoto na mnyama wake, tukagonga kava 60 kwa mkono, hakuna zilizofanana. Ndani fotokopi nyeusi.

Kosa letu ni kwamba tulianika nje kwenye kamba mwezi wa saba. Upepo wa huku mnaujua. Vumbi likaganda kwenye rangi mbichi, kava zote zikakwaruza kama msasa. Vijana wakasema mwalimu acha hivyohivyo, hata Kolo ni jiwe.

zabibu_kavu
Shikamoo mwalimu, hiyo kava naitaka hata kwa hela.

Mtoto wa Bahi
Mimi niongee la grupu maana hapo ndipo letu lilipofia. Sote wahariri, kila kitu kura. Kura ya jina wiki tatu. Kura ya kava, kumi na moja kwa kumi na moja. Mwisho wa siku mwenye laptop akapanga anavyotaka usiku mmoja, akatuma PDF saa tisa usiku, asubuhi tumechapa. Mashairi yake yalikuwa manne. Tukanuna lakini nani angebisha, sisi wengine tulikuwa tunachati, yeye alikuwa anafanya kazi. Toleo la pili tuligawana, mmoja maneno, mmoja picha, mmoja hela, na kila mmoja ana neno la mwisho kwenye lake, kura hakuna. Lilitoka siku tuliyosema. Hela ndo haikurudi, ila hiyo stori ndefu.

Mchapaji Majengo
Huyo wa hela ndo aje kwangu, si wote ishirini na wawili.

Chizuga wa Makulu
Nimewasoma wote. Hapa nimekaa chini nimekunja karatasi saba, kurasa 28, naandika namba kwa kalamu. 1 na 28, 2 na 27, 3 na 26, zote 29. Shairi refu linaangukia 14 na 15 katikati kabisa, linakaa wazi lote bila kufunua. Swali langu la mwisho, stepla ile yenye mkono mrefu inayofika katikati ya karatasi naipata wapi huku Makulu au Ng'ong'ona, ya kuazima tu siku mbili?

Mama Ilimba
Ninayo. Ila babu anaingia na zeze lake zima.