Kichwa cha lori kimepakwa rangi upya: jina na namba ya USDOT zirudi lini, na vipi?

Muuliza swali
Wakuu, kichwa kimetoka kupakwa rangi, kutoka nyeupe kwenda buluu iliyoiva, klia (vanishi angavu ya kinga) juu. Kimekaushwa kwa hewa tu, hakikuingia kwenye joto. Leo siku ya nne. Stika za jina la kampuni na namba ya USDOT (ya usajili kwa Wizara ya Uchukuzi ya Marekani) zilibanduliwa kabla ya msasa, na gari linafanya kazi Marekani, majimbo tofauti. Naweza kubandika mpya sasa? Herufi ziwe na ukubwa gani? Za zamani zilikuwa pia na mji na namba ya MC (ya kibali cha usafirishaji), navyo virudi?

Fundi stika
Siku ya nne bado mapema, mkuu. Rangi ikishikika mkononi haina maana imeiva. Tina, kile kiyeyusho cha rangi, bado inatoka ndani yake. Ukiifunika na vinili, yaani plastiki ya stika, mvuke unakosa njia na unainua stika kwa malengelenge madogo, halafu kingo zinaachia. Ukija kuibandua, inaweza kung'oka na klia. Fuata muda wa mtengenezaji wa rangi, na kwa iliyokauka kwa hewa usishuke chini ya wiki moja. Baridi huurefusha.

Jaribu hivi: kipande cha vinili hiyohiyo, sentimita 5 kwa 5, kibandike chini ya mlango na ukiache siku nzima juani. Kikitoa malengelenge, subiri.

Chukua vinili ya kumimina, si ile ya kukandamizwa kwa rola. Hii ya pili husinyaa, na baada ya muda utaona mstari wa gundi chafu ukizunguka kila herufi. Siku ya kubandika, futa mlango kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Usitie nta wala silikoni. Bati lisiwe chini ya nyuzi joto 10. Pima mstari kutoka ukingo wa chini wa dirisha, shikiza kwa tepu ya karatasi, kisha sukuma kwa kikwangulio kutoka katikati kwenda pembeni. Tepu ya kuhamishia, ile inayoshika herufi kwa juu, ivute ikijikunja juu yake yenyewe, karibu igusane na mlango. Ukiivuta kukuangalia wewe, inabeba herufi. Usioshe kwa presha kabla ya siku 2.

Mtu wa nyaraka
Kwa sheria ya shirikisho: pande zote mbili, jina kama lilivyo kwenye fomu ya MCS-150 (ya usajili wa msafirishaji), na namba ikitanguliwa na herufi USDOT. Fomu ikisema LLC (aina ya kampuni), hakikisha mlangoni inasomeka LLC. Kama kuna jina jingine mlangoni, la mwendeshaji litanguliwe na maneno "operated by" (linaendeshwa na). Mji na namba ya MC havidaiwi hapo, ila angalia masharti ya jimbo lako.

Urefu wa herufi haukutajwa. Kinachotakiwa ni zisomeke mchana, gari likiwa limesimama, kutoka futi 50, yaani kama mita 15. Sentimita 5 ndiyo desturi, lakini herufi nyembamba za mapambo hazisomeki hata kwa kimo hicho. Juu ya buluu yako weka nyeupe. Kijivu na nyekundu zinazama.

Kagua pia stika za IFTA (mkataba wa kodi ya mafuta kati ya majimbo), moja kila upande wa kebini. Zikiwa zimepotea, omba nyingine jimbo lako la usajili. Na lebo ya mtengenezaji kwenye fremu ya mlango isiwe imepakwa rangi.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Mzigo uko keshokutwa. Vibao vya sumaku vinakubalika?

Mtu wa nyaraka
Vinakubalika, mradi vitimize masharti yaleyale ya kusomeka.

Fundi stika
Kwanza gusa mlango kwa sumaku ya kawaida. Milango mingi ya vichwa ni alumini, haishiki kabisa. Hata ikiwa chuma, sumaku juu ya klia mbichi inafungia unyevu na kuacha alama ya mraba. Mrudishie fundi wa rangi, aiweke milango chini ya taa za joto, ipoe, ndipo urudie kipande cha majaribio.