Yule bwana wa "mistari isiyokutana ni sambamba", tunamwacha hivi hivi?

Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Leo katamka tena ubaoni: mistari miwili isiyokutana ni sambamba. Kwenye somo la vipimo vitatu! Mtu kamsahihisha kwa adabu zote, kajibiwa "rudi darasa la tano". DARASA LA TANO!

Chukueni mchemraba. Chini ABCD, juu EFGH, E juu ya A, F juu ya B, hivyo hivyo hadi H. Ukingo AB umelala, CG umesimama. Irefusheni hadi mwisho wa dunia, haikutani. Sasa hiyo ni sambamba, mmoja unakwenda kando na mwingine juu? Usambamba unadai mawili: isikutane, NA ikae kwenye bapa moja, yaani uso mmoja tambarare usio na mwisho. Hilo la pili kalimeza. AB ina kingo nne za namna hiyo: CG, DH, EH, FG. Zilizo sambamba nayo ni tatu tu: DC, EF, HG. Anakosea mara nne, anapatia mara tatu, halafu mwenzake ndiye arudi darasa la tano!

Kipeo: Kelele nyingi, namba hakuna. Upande uwe 1, A iwe (0,0,0). AB ni (t,0,0), CG ni (1,1,s), t na s ni namba yoyote. Mielekeo ni (1,0,0) na (0,0,1), huwezi kuzidisha mmoja ukapata mwingine, basi si sambamba. Ili zikutane, y lazima iwe 0 na 1 kwa mpigo. Kwisha. Umbali kati yao ni BC, yaani 1.

Mshazari: Unalilia kingo mbili? Kwetu kuna anayesema x + y = 4 ni mstari hata kwenye vipimo vitatu. z iko huru jamani! Hilo ni bapa lililosimama wima. Ukitaka mstari, ongeza mlinganyo wa pili, mfano z = 0.

Kipeo: Na "nukta tatu zinatoa bapa moja" je? Jaribu (1,1,1), (2,2,2), (5,5,5). Zimejipanga mstari mmoja, mabapa yanayopita hapo hayana idadi.

Mwenye uzi: Lakini darasa la tano jamani!!

Mkunjo: Tumeshasikia, kanywe maji. Kuna anayechora mabapa mawili yanayogusana kwenye nukta moja, eti kwa sababu pembe za michoro yake zimegusana. Bapa halina pembe wala kingo, linaendelea tu! Mabapa mawili tofauti yasiyo sambamba hukatana kwenye mstari mzima.

Mshazari: Huyo tunamjua wote. Mfungulie uzi wake.